Evinrude ya farasi 18 inayozima ziwani: shajara ya matengenezo, Majanji

Jumatatu

Mashine ya boti ni Evinrude Fastwin ya nguvu za farasi 18, toleo la 1968. Silinda mbili, mipigo miwili, inawashwa kwa kamba, haina betri. Umeme wa plagi inautengeneza yenyewe: chini ya flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, kuna koili mbili (zinazozaa umeme wa cheche), pointi jozi mbili (swichi ndogo zinazoukata umeme) na kondensa mbili (zinazozikinga pointi zisiungue), kila silinda na vyake, na sumaku za flaiwili zikipita juu ya koili ndipo cheche inapopatikana. Imefungwa kwenye boti ya mbao ya mama mmoja wa hapa Majanji, wilaya ya Busia, Uganda, kando ya Ziwa Victoria. Boti hupeleka abiria na mizigo kisiwani Sigulu na kurudi na magunia ya dagaa.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Asubuhi inawaka bila shida, inatoka gatini ikinguruma vizuri, halafu ikishapata moto inazima. Nahodha anasubiri, anavuta kamba, inawaka, inakwenda kidogo, inazima tena. Siku nyingine inafika Sigulu salama, siku nyingine haifiki hata nusu ya njia. Safari ya mwisho ilizima upepo wa mchana ukiwa umeshaanza, botini kuna akina mama na watoto, wakarudi kwa makasia. Hapo ndipo mwenye boti alipokuja kibandani kwangu.

"Mwanangu," akasema, "mashine hii aliinunua marehemu mume wangu. Mafundi wameshaniambia niiuze chuma chakavu. Iangalie. Ukishindwa, niambie ukweli, sitakasirika."

"Mama, niachie," nikamjibu. "Lakini isirudi majini na abiria mpaka nikuambie."

Amekubali, na ameazima Yamaha ya shemeji yake kwa muda huu ili biashara isisimame.

Nitaandika kila ninachokipima na kila ninachokifungua, kwa sababu mashine hii imeshapita mikono mingi na hakuna aliyeacha maandishi. Ninachojua kwa kusimuliwa na nahodha ni kwamba pampu ya mafuta ilibadilishwa, kabureta ikaoshwa, ikaoshwa tena, plagi zikanunuliwa mpya, na kila mara ilikwenda vizuri siku chache kisha ikarudia tabia yake.

Neno kuhusu ukoo wake, maana vijana wa gatini wananiuliza kwa nini nahangaika. Ole Evinrude alianza kuuza mashine za kufungwa nyuma ya boti huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909. Baadaye jina lake likaingia pamoja na Johnson chini ya kampuni iitwayo OMC. OMC ilifilisika Desemba 2000, Bombardier ya Kanada ikachukua majina hayo, na mwaka 2020 BRP, kampuni iliyotokana nayo, ikaacha kutengeneza Evinrude. Ziwa hili leo ni la Yamaha. Ukitaka pistoni ya Yamaha 40 hutembei mbali. Ya kwangu haina duka. Lakini ina jambo moja linalonipa moyo: OMC walitumia mfumo uleule wa cheche, kwa koili ileile, kwenye mashine zao ndogo nyingi tangu miaka ya hamsini hadi ya sabini, kuanzia farasi 3 mpaka 40. Kipuri kinachofaa hii kinafaa na nyingine chungu nzima, ndiyo maana bado kinatengenezwa.

Leo nimepima kompresheni tu, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda. Silinda ya juu psi 92, ya chini psi 90. Kwa umri wa mashine hii hizo ni namba nzuri, na zaidi ya ukubwa wake ninachotazama ni ukaribu wake. Silinda mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia kumi ndipo ningeanza kuwaza ringi au gasketi. Kwa hiyo mwili ni mzima.

Nimetoa plagi pia. Ya chini ina rangi ya udongo, kavu, inavyotakiwa. Ya juu imelowa na nyeusi. Naandika hili kwa sababu kabureta ni moja inayolisha silinda zote mbili. Kama tatizo lingekuwa kwenye mafuta peke yake, ningetarajia plagi zote mbili zilalamike kwa rangi moja.

Jumanne

Tumeishusha mashine na kuifunga kwenye kichanja, mguu ndani ya pipa la maji. Pipa halifanani na ziwa. Propela inayachafua maji yaleyale, moshi unarudi humo humo, na mzigo ni mdogo. Lakini hapa naweza kuisogelea na kuisikiliza, jambo ambalo huwezi botini huku mawimbi yakikurusha.

Kabla ya yote, maji ya kupooza. Watu waliozoea Yamaha wanatafuta ule mkojo wa maji pembeni ya mashine, wasipouona wanasema impela, feni ndogo ya mpira inayosukuma maji, imekufa. Hii haina tundu hilo. Maji yake yanatoka nyuma ya mguu, chini, yakiwa yamechanganyika na moshi, kama manyunyu. Ukitaka kujua inapoa au haipoi, iache ipate moto, kisha dondosha maji kidogo juu ya kichwa cha silinda. Tone likichemka na kuruka papo hapo, kuna joto la hatari. Yangu yalitulia, yakakauka polepole. Nimeangalia pia tundu za kuingizia maji kwenye mguu, kwa sababu magugu maji hapa hayaishi na mizizi yake huziba tundu hizo. Ni safi. Joto kupita kiasi nimelifuta kwenye orodha ya washukiwa.

Imenguruma vizuri kwa muda, kisha ikazima kama ilivyosemwa. Safari hii nilikuwa nimeitegea sikio. Mlio ulipanda kidogo kwanza, ukawa mwembamba, halafu ukakata, kama mtu aliyekimbia akakosa pumzi. Mlio wa namna hiyo naujua. Petroli inapopungua kwenye kabureta, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi, mashine inaongeza kasi kwa sekunde moja mbili, halafu inakufa. Nikaiwasha tena, nikakaa mkono ukiwa kwenye ule mpira wa kubinya ulio kwenye bomba la mafuta. Ilipoanza kuwa nyembamba nikaubinya. Ikarudi mara moja, ikanguruma.

Jibu hilo linatosha kwa leo. Mkono wangu ukifanya kazi ya pampu, mashine inaishi. Mafuta hayafiki inavyotakiwa.

Jumatano

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya boti tangu ujana wake alipita kunisalimia, akaona pampu mpya, akasema, "Hiyo pampu imeshabadilishwa, usiifungue. Tafuta panapoingia hewa." Nimefuata ushauri wake na nashukuru.

Watu wengi hutafuta panapovuja petroli. Lakini bomba linalotoka kwenye tangi hadi kwenye pampu linafanya kazi kwa kuvuta. Pampu ya mashine hizi haina injini yake; inategemea mapigo ya hewa ya ndani ya kasha la kranki, chumba kilicho chini ya pistoni: pistoni ikishuka inasukuma, ikipanda inavuta, na kiwambo cha mpira kinacheza kwa mapigo hayo. Nguvu yake ya kuvuta ni ndogo. Penye mwanya kwenye bomba, petroli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Utapapasa bomba lote kwa vidole na utalikuta kavu kabisa, huku mashine inakunywa hewa.

Nikakata bomba karibu na pampu, nikaunga kipande kifupi cha mpira angavu, nikawasha. Mwanzoni petroli ilipita bila doa. Baada ya muda zikaanza kuja povu ndogondogo, moja moja, zikifuatana ukutani mwa mpira. Nilipopandisha kasi zikawa mkufu. Ungeweza kuzihesabu zikipita. Nikaanza kushika kila kiungo kimoja kimoja na kukibana kwa vidole. Nilipokibana kile kiunganishi cha chuma kinachochomekwa kwenye mashine, povu zikakoma. Nilipoachia, zikarudi.

Ndani ya kiunganishi kuna oringi ndogo mbili. Zilikuwa ngumu, zimepasuka, moja imekosa kipande. Nimepata za kipimo kile Busia mjini kwa muuza vipuri vya majenereta, nikasisitiza ziwe za aina inayovumilia petroli. Msimamo wangu hapa ni mkali: mpira wa tyubu ya baiskeli haufai popote petroli inapogusa. Unavimba, unalainika, unaacha ukoko mweusi kwenye jeti, vile vitundu vya petroli vya kabureta. Najua watu wanakata kiwambo cha pampu kutoka kwenye tyubu na mashine inaenda mpaka sokoni. Wiki ijayo wako palepale.

Nikaangalia na tangi. Skrubu ya kupumulia kwenye kifuniko ilikuwa imejaa rangi na kutu, hewa inaingia kwa shida. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi lenyewe linavuta kurudi nyuma. Nimeizibua. Kisha nikamimina petroli ya chini ya tangi kwenye chupa ya kioo, nikaiacha itulie. Chini kabisa likatokea tabaka la maji, mpaka wake unaonekana wazi, na chembe za kutu zimelala juu ya mpaka huo. Petroli inayouzwa ufukweni inapita kwenye jerikeni nyingi na mvua inanyesha. Tangi limeoshwa, limekaushwa juani.

Jambo la oili nalo lizungumzwe. Vijana wa boti wanapima kwa macho, na wengi wanaamini mashine kuukuu inataka oili nyingi. OMC kabla ya 1964 walitaka sehemu 24 za petroli kwa moja ya oili. Kuanzia 1964 wakahamia 50 kwa moja. Hii ni ya 1968, kwa hiyo lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili, na iwe oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Oili ya pikipiki za mipigo miwili imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, yenye joto la juu zaidi. Kwenye injini inayopozwa na maji ya ziwa inaacha masizi. Chupa ya soda ya nusu lita ambayo wengi wanaitumia inakupa 40 kwa moja. Haitaua mashine, lakini plagi zinachafuka mapema.

Alhamisi

Oringi mpya, tangi safi, petroli mpya. Kwenye mpira angavu hakuna povu hata moja, kwa kasi yoyote. Imenguruma pipani kwa muda mrefu kuliko ilivyowahi tangu niipokee.

Kisha ikazima.

Nahodha alikuwepo, akashusha mabega. "Kaka, si nilikuambia? Hii inaona watu tu."

Nilimwambia asubiri, kwa maana haikufa kifo kile cha Jumanne. Safari hii mlio haukupanda. Ulikatika nusu kwa ghafla, mashine ikaanza kutikisika na kumisi, ikajikokota kwa silinda moja, nikaubinya mpira wa mafuta na haukusaidia kitu, kisha ikaanguka kabisa. Nilipovuta kamba haikushika. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi imepoa, ikawaka kwa mvuto mmoja.

Nadhani hapa ndipo mafundi wa kabla yangu walipokwama, na siwalaumu. Mashine ina maradhi mawili yanayotoa dalili moja. Ukiponya moja, la pili linabaki, mashine inazima vilevile, nawe unasema kazi uliyofanya haikusaidia. Aliyebadilisha pampu huenda alifanya vema. Aliyeosha kabureta vilevile. Lakini kila mmoja alipoona imezima tena, alirudi kwenye hatua ya kwanza au alimshauri mama auze. Namna mashine inavyozima ina habari zaidi kuliko kule kuzima kwenyewe. Jumanne ilikufa ikiwa nyembamba na ikafufuliwa kwa kubinya mpira. Leo imekufa kwa kumisi na haikujali mafuta. Na ile plagi nyeusi ya silinda ya juu sasa inaeleweka: petroli ilikuwa inafika, moto ndio ulikuwa haufiki.

Ijumaa jioni

Nimetengeneza kipima cheche: kipande cha mbao na misumari miwili iliyotazamana, mwanya wa milimita 6 kati ya ncha na ncha. Kila koili inatakiwa iruke mwanya huo bila kusitasita. Kuchomoa plagi na kuigusisha kwenye chuma, kama tunavyofanya wengi, hakutoshi. Mwanya wa plagi ni mdogo na nje ya silinda hakuna mgandamizo, kwa hiyo hata koili mgonjwa ataruka hapo. Kingine: petroli iwe mbali. Nilifunga tangi nikalitoa nje ya kibanda kabla ya kugusa waya.

Tuliifanya kazi hii giza likianza kuingia, mlango umefungwa. Mashine ikiwa baridi, nahodha anavuta kamba, mimi naangalia misumari. Chini: cheche ya buluu, nene, inalia tak-tak. Juu: buluu pia, ila nyembamba kidogo. Multimita nayo ilisema koili zote mbili ziko sawa.

Tukaiwasha, tukaiacha ipate moto mpaka ikaanza kumisi, tukaizima na kuunga kipima haraka kabla haijapoa. Chini: cheche ipo, imeingia unjano. Juu: giza. Nahodha alivuta, akavuta, hakuna kitu kati ya misumari. Lakini pembeni, chini ya ukingo wa flaiwili, niliona mwanga mdogo ukimulika kila flaiwili ilipozunguka, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na mwanga wowote.

Umeme upo. Umepata njia fupi.

Multimita haikudanganya, ila haiwezi kuona jambo hili. Inapima kwa betri ndogo, tena koili ikiwa baridi. Koili inapofanya kazi inasukuma maelfu ya volti, na kwa nguvu hiyo ufa wa upana wa unywele ni barabara.

Jumamosi

Flaiwili imetoka. Natumia pula, kifaa cha kuivutia nje, kinachofungwa kwa bolti tatu kwenye matundu yake matatu. Nasema hivi kwa sababu nimeona flaiwili zilizopigwa nyundo pembeni na kuchongwa na patasi. Sumaku za ndani hazipendi kipigo, na ncha ya kranki ikiharibika hakuna pa kuipata. Ufunguo wa flaiwili ni mzima, haujakatika wala kuegemea, kwa hiyo majira ya cheche hayajahama.

Na hapa ndipo ukweli wote ulipokuwa umejificha kwa miaka. Koili ya juu imepasuka kutoka kona hadi kona. Plastiki yake imekauka, imekuwa ya kahawia, na ufa umepita katikati ukifuata mzunguko wa waya wa ndani. Pembeni mwa ufa kuna mstari mweusi uliochomeka, unaoelekea moja kwa moja kwenye chuma cha katikati. Ndiyo njia niliyoiona ikimulika jana. Baridi, ufa umefunga, cheche inakwenda kwenye plagi. Ikipata joto, plastiki inatanuka, ufa unafunguka, unyevu wa ziwa unapata pa kukaa, cheche inakimbilia chumani. Silinda moja inakufa, ya pili inabebeshwa mzigo wa boti nzima, nayo inaanguka. Koili ya chini bado inafanya kazi, lakini ina nyufa tatu fupi zinazoanza. Ni za umri mmoja, zitafuatana. Nabadilisha zote mbili.

Pointi za juu zilikuwa na kijishimo upande mmoja na kijimlima upande wa pili, rangi ya buluu ya kuungua, na mwanya wake ulikuwa karibu milimita 0.3 badala ya 0.5. Kijishimo cha namna hiyo kinanielekeza kwenye kondensa, kwa hiyo kondensa nazo zinaingia kwenye orodha.

Mama alipita akitoka sokoni. Nilimwonyesha ufa, nikampa koili aishike mkononi, akaitazama kwa muda.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii, mama. Na mpira mdogo wa juzi."

"Basi nunua, mwanangu. Kabla hela haijapata kazi nyingine."

Wiki za kungoja

Soko la Kisekka, Kampala, lina kila kitu cha gari, na ndugu yangu alilizunguka kwa subira, lakini vya Evinrude hakupata. Mtu mmoja alimpa koili iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Alinitumia picha, ufa uleule. Plastiki ya zamani ya koili hizi inapasuka hata ikikaa kabatini, kwa hiyo koili kuukuu ya kubadilishia koili kuukuu ni hela ya kutupa. Tukaagiza mpya kutoka nje. Kwa anayetafuta, namba ya OMC ni 584477, na watengenezaji wengine wanaitengeneza kwa namba zao wakitaja hiyo kuwa ndiyo inayolingana nayo. Zilikuja pamoja na pointi na kondensa.

Jumapili baada ya ibada

Vipuri viko mezani na nina mchana mzima.

Kwanza bamba linalobeba koili limesuguliwa kwa msasa laini pale koili zinapokaa, maana chuma safi kwa chuma safi ndiyo njia ya umeme kurudi. Kutu ya ndani ya flaiwili, kwenye sumaku, nayo nimeiondoa kwa upole na kupangusa kila chembe.

Koili haifungwi ilimradi imefungwa. Visigino vya chuma chake vinatakiwa viwe sawasawa na ukingo wa vibao vya bamba. Vikitokeza nje, sumaku zitavikwaruza flaiwili ikizunguka. Vikiingia ndani mno, sumaku ziko mbali na cheche inadhoofika. Napitisha kidole kwenye ukingo: nisihisi ngazi. Nakaza skrubu kidogo, napapasa tena, nakaza.

Waya wa plagi unaingia kwenye koili kwa kuchomwa na sindano iliyo ndani ya tundu. Sindano lazima iingie katikati ya nyuzi za shaba. Waya wa zamani ulikuwa umeliwa na chumvi ya kijani, nimeukata nyuma mpaka shaba inayong'aa, nikasukuma huku nikiuzungusha mpaka ukagota.

Pointi: fila geji, kibati cha kupimia mwanya, ya milimita 0.5, mlima wa kamu inayozifungua pointi ukiwa juu kabisa. Nataka geji ipite kwa kukwaruza kidogo tu. Kisha jambo ambalo watu huliruka: kupitisha kadi safi iliyoguswa na spiriti kati ya nyuso za pointi, maana pointi mpya huja na mafuta ya kuzikinga, na vidole vyetu vina mafuta pia. Kadi ya kwanza ilitoka na mstari wa kijivu. Nikarudia mpaka ikatoka nyeupe. Tone la grisi kwenye kitambaa cha kulainishia kamu, si zaidi, kwa sababu ikizidi inarushwa kwenye pointi.

Flaiwili imerudi, nati imekazwa. Kipima cheche: juu na chini, buluu zote mbili, nene sawa. Tumeiwasha pipani, tukaiacha ipate moto mpaka kifuniko kikawa hakishikiki, tukapima tena haraka. Buluu. Nahodha hakusema kitu, alicheka tu na kunipa mkono.

Jumanne, majini

Tumetoka asubuhi kabla upepo haujageuka, mimi na nahodha, magunia ya mchanga badala ya abiria, majaketi ya kuokolea mwilini, makasia na nanga botini. Mashine isiyojathibitishwa haibebi mtoto wa mtu.

Mwendo wa juu ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Mwendo wa chini ulikuwa mzito, unatoa moshi na kusitasita. Hili nililitarajia. Kitabu kinasema ufunge skrubu ya mwendo wa chini mpaka igote taratibu, kisha uifungue mzunguko mmoja na nusu. Kitabu kiliandikwa kwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya nane, na petroli ileile inakuwa nyingi kwa hewa hiyo. Niliifunga kidogo kidogo, mashine ikiwa na moto na gia ikiwa ndani, huku nikiipa muda wa kuitikia kila nilipogusa. Imetulia kwenye mzunguko mmoja na robo. Hapo inakokota boti polepole bila kumisi, na ukiifungulia ghafla haisiti.

Tulikwenda mpaka Sigulu inaonekana vizuri miti yake, mafuta yamefunguliwa hadi mwisho, kisha tukageuka dhidi ya mawimbi, ambapo mzigo ni mkubwa zaidi. Haikuzima. Tukaizima wenyewe katikati, ikiwa na moto wote, tukangoja kidogo ili joto lipande kama linavyopanda maji yakisimama, tukavuta kamba. Ikashika. Hilo ndilo jaribio nililokuwa nikilitaka kuliko yote, maana kwa koili ya zamani tungekuwa tunapiga kasia.

Plagi niliporudi: juu rangi ya udongo, chini rangi ya udongo.

Ijumaa

Mama amerudisha Yamaha ya shemeji. Nimempa nahodha daftari dogo: aandike petroli aliyotia, oili aliyopima, na chochote atakachosikia kimebadilika. Nimempa pia plagi mbili za akiba, pini ya propela, na zile oringi mbili za kiunganishi zilizobaki, ndani ya kopo lenye kifuniko. Koili za zamani nimezitundika kibandani, kwa sababu kuna Johnson moja Lumino inayosemekana "inachoka ikipata moto," na mwenyewe anakuja kesho kuuona ufa kwa macho yake kabla sijafungua ya kwake.

Kazi haijaisha. Nilipolegeza skrubu ya chini ya gia boksi kuangalia oili, ilitoka nyeupe, imechanganyika na maji. Gia zenyewe hazina mlio na chembe za chuma sikuziona kwenye kidole, kwa hiyo maji hayajakaa humo muda mrefu, au oili imebadilishwa karibuni. Nadhani ni sili ya mhimili wa propela, mpira unaozuia maji yasiingie. Kuna uzi wa nyavu umejiviringisha nyuma ya propela, na uzi wa nailoni ukizunguka hapo unakata sili. Nimeukata uzi, nimetia oili mpya, na nimemwomba nahodha aipitishe boti kwangu kila wikendi nilegeze skrubu hiyo na kutazama rangi. Sili nimeshaziagiza, na impela pamoja nazo, kwa kuwa mguu ukifunguliwa sioni sababu ya kurudisha impela ya zamani.